Dakika Kumi Ndani ya Viatu vya Theluji

"Wewe mtoto, kanyaga basi! Unatembea kama mtu anayepelekwa mahakamani."

Shangazi alikuwa mbele, mkoba kwapani, karatasi ya hoteli mkononi, akipenya katikati ya meza za mitumba bila kumwomba mtu njia. Nyuma yake alifuata Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na tangu aanze kazi hiyo hata nyumbani hakuna aliyemwita jina lake. Mama yake mzazi alimwita Mwalimu, wauza nyanya walimwita Mwalimu. Siku hiyo angeitwa hata mfuko wa saruji angeitika tu. Wiki sita sasa alikuwa hivyo, anakula akiambiwa ale, analala akiambiwa alale, na watu wa nyumbani wakimsifu eti siku hizi ametulia.

Ametulia! Mtu amekufa ganzi mwili mzima, wao wanasema ametulia.

Tuseme ukweli mapema, maana habari yenyewe haina kona. Alhamisi, yaani siku tatu tu mbele, Mwalimu alikuwa apande ndege kwenda nchi ya theluji, akalee watoto wa wageni kwenye hoteli moja juu mlimani. Mkataba wa miaka miwili. Kazi hiyo alitafutiwa na shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyewahi kuishi ng'ambo na kujuana na watu huko. Na shangazi aliitafuta kwa sababu mama alimpigia simu akilia: kuna mwanaume ameleta posa, muuza viatu vya mitumba, na mtoto amemng'ang'ania. Mama aliwarudisha wale wajumbe mlangoni bila hata kuwakaribisha viti. "Sikukusomesha ualimu," alimwambia binti yake, "ili uolewe na mtu anayeuza viatu vya marehemu."

Wiki hiyo hiyo barua ya hoteli ikafika. Na huyo mwanaume wa watu hadi leo alikuwa hajaambiwa habari za safari. Kila Jumapili Mwalimu alikutana naye akiwa amejipiga moyo konde, kila Jumapili alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni vituko vya watoto wa darasani. Sasa Jumapili zilikuwa zimekwisha.

"Imeandikwa hapa," shangazi alisoma bila kusimama. "Viatu vya ubao wa theluji, jozi moja. Koti lisilopitisha maji. Suruali, hivyo hivyo. Glavu. Miwani ya kukinga macho. Soksi. Ubao wenyewe na kofia ngumu watakupa wao. Hivi kulea watoto na kuteleza juu ya ubao vinahusiana nini?"

"Watoto wanapelekwa kwenye mteremko kila asubuhi, shangazi. Mlezi lazima ajue kuwafuata."

"Wanapenda kuanguka hao! Haya. Dukani nimeuliza viatu peke yake, vipya. Bei yake utadhani vinauzwa na mguu ndani. Pesa yetu ni hii iliyomo kwenye mkoba, haizai. Nimeambiwa soko hili kuna kijana mmoja, viatu vyote vya baridi vinapitia kwake."

Moyo wa Mwalimu ungekuwa mzima, hapo ungeruka. Haukuruka.

"Kuna soko lile la juu, shangazi. Pengine kule..."

"La juu lina nini? Twende."

Angesema nini? Kwamba huyo kijana anamjua mpaka kovu la kidevuni? Akafuata.

Kibanda kilikuwa mwisho wa safu. Viatu vilipangwa kwa namba, si kwa rangi, kuanzia vya watoto wachanga upande wa kushoto mpaka vile vya kulia ambavyo mtu angeweza kuvukia mto. Mwenyewe alikuwa amepiga goti mbele ya mteja, akimbonyeza kidole gumba cha mguu juu ya ngozi ya kiatu. Sokoni walimwita Kipimo. Hakuwahi kumuuzia mtu kiatu bila kumpima, na alikuwa na sheria yake moja iliyomkosesha wateja wengi: kiatu chochote kirefu, au cha kazi, mnunuzi akivae dakika kumi kwanza, asimame nacho, atembee nacho, ndipo waongee bei. Wenzake walimcheka. "Kipimo, wewe unauza viatu au unaozesha?" Yeye aliwajibu kwamba mguu una aibu, dakika ya kwanza hausemi ukweli.

Aliinua macho, akamwona Mwalimu. Uso ukafunguka wote. Kisha akamwona mama mwenye mkoba pembeni yake, na tabasamu akalimeza lilivyo.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Karibu, dada."

Dada. Miaka miwili na nusu alikuwa amemwita Mwalimu, amemwita mpenzi, na siku za utani amemwita mkaguzi. Leo dada. Mwalimu alisimama akingoja neno hilo limchome. Halikumchoma. Lilipita tu.

"Marahaba, baba. Tunataka viatu vya ubao wa theluji," alisema shangazi. "Yeye anavaa thelathini na tisa. Lete arobaini na moja, maana atavaa soksi tatu."

Kipimo akasimama taratibu. "Vya theluji?"

"Umesikia vizuri. Binti yangu anasafiri."

"Anasafiri." Alisema hivyo akimtazama Mwalimu. "Lini, dada?"

Mwalimu aliitafuta sauti yake. Ikatoka ile ya kuita mahudhurio. "Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Hii."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili," shangazi alidakia. "Wakimpenda wanaongeza. Haya kijana, mbona umeganda? Vipo au havipo?"

Kipimo alimwangalia Mwalimu usoni, akatafuta pale dalili yoyote, hata ya aibu, akakuta macho mawili makavu yanamtazama kwa adabu. Akajifuta mikono kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Vipo, mama. Keti, dada."

Alitoa jozi tatu chini ya turubai. Vilikuwa vinene, virefu hadi nusu ya muundi, kiatu laini ndani ya kiatu kigumu. Alipoanza kuongea, aliongea kikazi, na mtu asiyemjua asingetambua kitu.

"Nikushauri, mama. Kwa bajeti ndogo, pesa kubwa iweke kwenye viatu. Koti hata lenye kiraka linakinga. Suruali jirani yangu pale anazo. Miwani ikiwa na mkwaruzo pembeni, chukua tu, atazoea. Lakini kiatu kikimkataa, siku ya kwanza atalia."

"Ndiyo maana nasema arobaini na moja."

"Hapana, mama. Kikiwa kikubwa kisigino kinanyanyuka. Ubao unakwenda kwake, yeye anakwenda kwake. Na soksi ni moja, ya sufi, ndefu. Tatu zinakunjamana, zinabana damu, mguu unapoa hata ukiuvika blanketi."

"Kumbe umewahi kufika kwenye theluji wewe?"

"Sijawahi hata kupanda lifti, mama. Ila hivi viatu vinakuja kwenye marobota, nikaona haya kuuza kitu nisichokijua, nikajisomea. Wale wa vyumba vya barafu kiwandani wote wananunua kwangu."

Shangazi alicheka, akajivutia kigoda. Kipimo alichukua jozi ya kwanza, akaikunja soli, akamwonyesha ufa mwembamba. "Hii imekaa ghalani miaka. Plastiki imekauka, kwenye baridi itavunjika kama biskuti. Hii ya pili ni nzima."

Akapiga goti. Akaushika mguu wa Mwalimu kwenye kifundo, mguu aliowahi kuutoa mwiba, akauingiza kwenye kiatu kwa heshima zote za mteja. Akavuta kamba za ndani, akavuta za nje. Mwalimu aliiona mikono hiyo kwa mbali, kama ya mtu mwingine kabisa.

"Simama wima. Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa."

"Kunja magoti kidogo. Vimerudi nyuma?"

"Vimerudi."

"Kisigino kinanyanyuka?"

"Hakinyanyuki."

"Kinabana popote?"

"Hakibani."

"Basi dakika kumi," alisema Kipimo, akaminya saa ya simu yake alivyomfanyia kila mteja.

"Dakika kumi!" Shangazi aliinuka. "Mimi siwezi kukaa hapa kuangalia miguu. Naenda kutafuta hizo glavu na hilo koti. Mwalimu, usitoke hapo." Akaondoka na mkoba wake, kilemba kikapotea nyuma ya mapazia ya mitumba.

Wakabaki wawili. Upande wa pili mtu alikuwa anapiga mnada wa mashuka kwa kelele.

"Ulijua tangu lini?" Kipimo aliuliza.

"Wiki sita."

"Wiki sita." Alikaa kwenye kigoda cha shangazi. "Ile Jumapili tuliyokwenda kuangalia chumba cha kupanga. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema dirisha ni dogo."

"Lilikuwa dogo."

Kipimo alishika tama. "Mwalimu, nitukane. Nizabe kibao. Lia. Fanya chochote, nijue niko na mtu."

"Natamani," alisema Mwalimu, na alikuwa mkweli. "Sina kitu ndani. Siku ile mama alipowarudisha wajomba zako, nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona mjomba wako mkubwa ameshavua kiatu kimoja, akaambiwa basi, akakivaa tena. Nikangoja nilie. Sikulia. Kuanzia hapo sijalia, sijacheka. Watoto darasani wananiuliza, Mwalimu, umekasirika? Nawaambia hapana. Na kweli hapana."

"Unanipenda?"

Alifikiri kidogo, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyokagua begi lake kuona kama funguo zimo. "Nadhani ndiyo."

"Unadhani!"

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Nimeumia, na naumia peke yangu, hilo ndilo linalonimaliza." Alisogea mbele, akashusha sauti. "Sikiliza. Safari sikukatazi. Sina kauli kwenye nyumba yenu na hela ya kukuzuia sina. Nakuuliza kitu kimoja tu, unijibu. Unataka nikusubiri?"

Hapo, jamani, hapo ndipo palipokuwa pamebeba kila kitu. Neno moja lingetosha, tena lile fupi. Mwalimu alilitafuta neno hilo kwenye ulimi, akalitafuta kifuani, na alichojua tu ni kwamba linatakiwa. Mnada wa mashuka ukaendelea. Saa ya simu ikaendelea kuhesabu.

"Hizo soksi za sufi," alisema, "zinapatikana wapi?"

Kipimo akainuka, akafungua sanduku.

"Ninazo. Chukua jozi mbili, ufue moja uvae moja. Usivae za pamba. Pamba inanyonya jasho, inakaa na maji yake."

"Zinafuliwa kwa maji ya moto?"

"Ya baridi. Usizikamue sana."

"Na kuanika?"

"Kivulini."

Ndivyo walivyozimaliza, dakika walizopewa na Mungu, kwa mambo ya kufua na kuanika. Zilipobaki tatu, Kipimo akapiga goti tena kukagua. Alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akasita, akabonyeza tena.

"Vidole vyako vimejikunja humu ndani. Huhisi?"

"Hapana."

"Miguu imekufa ganzi?"

"Nilidhani ni mimi tu."

Kipimo akafungua kamba haraka haraka, akavichomoa vyote viwili, akaisugua miguu ile kwa viganja vyake mpaka weupe wa vidole ukaondoka. Kiatu kilikuwa namba sahihi lakini chembamba, na kwa mara ya kwanza katika biashara yake Kipimo alikuwa amepima bila kuangalia. Akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na jozi ya tatu, pana zaidi pale mbele, soli bado ina chapa ya kiwanda.

"Hizi ndizo," alisema. "Nilimwekea mtu wa kiwandani. Nitamtafutia nyingine."

Mwalimu alivivaa. Vilikaa vizuri, hata yeye aliona. "Ungeweza kusema huna," alimwambia. "Siku zimebaki tatu. Bila viatu hawanipokei."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Ungenunua vibovu kwingine, na baridi ya huko isingejua kwamba nilikuwa na sababu."

Shangazi akarudi na koti la buluu begani, suruali, glavu na miwani yenye mkwaruzo. Akauliza bei ya viatu. Alipoambiwa, akarudia kuuliza, kisha akakunja uso. "Hii ni bei ya ndugu, kijana."

"Ni bei yake, mama. Na soksi ni nyongeza." Aliviweka kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili, akampa Mwalimu bila kumgusa vidole. "Safari njema, dada."

"Asante," alisema Mwalimu.

Walitembea mpaka geti la soko. Pale shangazi akasimama, akaweka mizigo chini.

"Haya. Umemwambia?"

"Nani, shangazi?"

"Usinifanye mimi mtoto wa chekechea! Mama yako alinitajia kila kitu kwenye simu. Kipimo, viatu, safu ya mwisho. Hilo koti nimelipata meza ya pili tu kutoka pale. Unadhani dakika zote zile nilikuwa nazunguka juani kwa kupenda? Nimekupa nafasi. Mmeongea nini?"

Mwalimu aliangalia mfuko. "Soksi."

"Soksi?"

"Za sufi. Namna ya kuzifua."

Shangazi alikaa kwenye ukingo wa ukuta. Hakucheka. Alivua kiatu chake kimoja, akakikung'uta mchanga ambao haukuwemo, akakivaa tena.

"Nilipokwenda ng'ambo mimi, nilikuwa na mtu," alisema. "Fundi redio. Sikumuaga. Nilijiambia nitamwandikia nikifika, na nilipofika nikajiambia nitamwandikia nikitulia. Nilipokuja kuandika, barua yangu ilijibiwa na mke wake. Tena alinijibu vizuri, kwa adabu, akaniuliza na hali ya hewa."

"Shangazi..."

"Nyamaza. Sikukuleta hapa ubaki, usijidanganye. Kazi nimeitafuta kwa jasho, utakwenda, na utaifanya. Mama yako niachie mimi, nitamwambia kijana nimemwona kwa macho yangu na si wa kurudishwa mlangoni. Lakini wewe nimekuleta useme. Mwambie ndiyo au mwambie hapana. Mtu wa watu huwezi kumwacha ananing'inia miaka miwili, nawe ukaning'inia huko."

"Sisikii kitu moyoni, shangazi. Nitasemaje kitu nisichokisikia?"

"Nani alikwambia ungoje kusikia? Wewe sema, mengine yatakuja nyuma. Nenda!"

Mwalimu aligeuka. Akapiga hatua tatu, kisha akaanza kukimbia, mfuko wa viatu ukimgonga pajani. Alimkumba mpiga mnada wa mashuka, akaombwa radhi badala ya yeye kuomba. Alipofika mwisho wa safu, Kipimo alikuwa amepiga goti mbele ya mama mmoja mfanyakazi wa usafi, anamjaribisha buti la mpira.

"Kipimo."

Hakuinua uso. "Umesahau kitu, dada?"

"Uliniuliza swali." Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Nilikuficha wiki sita. Nilikaa na wewe kwenye kile chumba nikalitoa kasoro dirisha, na wewe ulikuwa unapima kitanda kitakaa wapi. Nimekukosea. Hata sasa hivi nakuambia haya na sijui nasema kwa moyo au kwa mdomo tu. Lakini nisubiri. Nakuomba. Nisubiri."

Kipimo alibaki na buti mkononi. Mama wa usafi alimtazama yeye, akamtazama Mwalimu, akautazama mguu wake mwenyewe ulioachwa hewani.

"Mjibu basi, baba," alisema. "Mwenzako kakimbia mpaka roho inamtoka, na mimi mguu unapata baridi."

"Nimeshaanza," alisema Kipimo. Sauti ilikuwa nzito, na sasa ndipo alipoinua macho, mekundu. "Nilianza pale uliposema Alhamisi. Nilikuwa sijui tu kama unataka."

Mwalimu alifungua mdomo kumshukuru. Badala yake kikamtoka kilio. Alilia pale pale mbele ya watu, kwa makamasi na kwa sauti, mfuko umemwanguka miguuni, Kipimo amesimama mbele yake hajui kama anaruhusiwa kumshika. Kilimuuma kifua, mbavu, mpaka meno. Siku tatu! Zilikuwa zimebaki siku tatu tu, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumkosa.